Nimepata Chuo, Sasa Mbona Silali?

Mwenzenu nina barua. Niliichapisha ofisini kwa siri, nikaikunja mara nne, nikaificha kwenye droo ya kabati chini ya khanga nilizotunzwa kwenye kicheni pati. Inatoka chuo kimoja cha Uingereza. Inasema nimekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya tiba kwa vitendo, miaka miwili, karibu sana, tafadhali lipa malipo ya awali kabla ya tarehe fulani.

Mtu mwenye akili zake angeshaita mashosti wakanywe soda. Mimi nilipoipata nilienda kuoga, nikakaa bafuni dakika arobaini. Tangu siku hiyo, ikifika saa nane usiku macho makavu. Mume wangu anakoroma pembeni, mimi nahesabu mbao za dari.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana nimewaandikia humu habari za wachumba, mawifi na madeni, lakini hili sijawahi kulisema.

Mwaka 2021 baba yangu alipata kiharusi. Ilikuwa Tanga, anatoka kuswali alfajiri, mkono na mguu wa kulia vikagoma. Hospitali walifanya yao, tukarudi naye nyumbani. Mtaalamu wa fiziotherapia alimsimamisha na kumtembeza, Mungu ambariki. Lakini nawaambia ukweli, baba alikuwa amesimama na bado hayupo. Alilishwa, akavalishwa, akapelekwa chooni na wanawe. Mzee aliyekuwa anatufokea tukichelewa kurudi sasa alikuwa hatutazami machoni.

Ndipo akaja dada mmoja, mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Hakuanza na mkono. Alimwamkia, akavuta kigoda, akauliza, "Mzee wangu, kabla hujaumwa, siku yako ilikuwa inakwendaje?" Baba akanyamaza, halafu kwa ule ulimi mzito akasema neno moja: bao.

Basi ziara iliyofuata dada kaja na bao. Mnalijua bao la Kiswahili, mashimo 32, kete 64. Kumbe kuokota kete moja moja kwa kidole gumba na cha shahada, kuzibeba kiganjani na kuziachia shimo kwa shimo ni zoezi la mkono ambalo ukimwambia mzee afanye kwa kubana mpira atakutukana, lakini kwenye bao anataka mwenyewe. Kijiko cha baba akakizungushia sponji ya ndala kuukuu ili mpini uwe mnene, mkono dhaifu ukishike. Kuhusu choo chetu cha kuchuchumaa, akamwelekeza fundi atoboe kiti cha mbao, kikawekwa juu ya tundu. Kwa kanzu akamfundisha kuanza kuvaa na mkono mgonjwa, kuvua na mkono mzima. Mambo madogo hivyo. Mwezi wa tano baba alivaa kanzu yake, akafunga kifungo mwenyewe, akaenda barazani akamfunga jirani michezo miwili. Alirudi nyumbani, akanifokea kwamba chai ina sukari nyingi.

Nililia jikoni kama mtoto. Nikasema, hii ndiyo kazi. Mimi nakaa benki napitisha mikopo ya pikipiki, na kuna mtu huko kazi yake ni kumrudisha baba wa mtu.

Nilipotangaza nyumbani, ilikuwa kasheshe. Shangazi mmoja akauliza, "Kwa hiyo unakwenda kusomea kuwatafutia wagonjwa ajira?" Ofisini, nikisema O.T., wanajua naongelea ovataimu. Siwalaumu. Hata jina la Kiingereza limejengwa juu ya neno ambalo wengi wakilisikia wanafikiria ajira na mshahara. Kumbe maana yake pale ni shughuli: yote yanayoijaza siku ya mtu, kuanzia kupiga mswaki, kukuna nazi, kulea, kuabudu, hadi kucheza. Fani inasema mtu akinyang'anywa shughuli zake anaumwa zaidi, akirudishiwa anapona zaidi.

Na si fani ya juzi. Chama chao cha kwanza kiliundwa Marekani mwezi Machi 1917, pale Clifton Springs, New York. Mmoja wa waanzilishi, George Barton, alikuwa msanifu majengo ambaye yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu na kupooza upande mmoja. Uingereza, daktari mmoja mwanamke, Elizabeth Casson, alifungua shule ya kwanza mjini Bristol mwaka 1930. Hapa kwetu inafundishwa Moshi, KCMC.

Najua unachotaka kuuliza. Kama ipo Moshi, Uingereza unafuata nini? Swali zuri, hata mume wangu aliliuliza. Jibu la aibu ni kwamba mimi ni mtu wa sanaa tangu shule. Nina shahada ya sosholojia, na cheti changu cha kidato cha nne, upande wa Fizikia, kina ile herufi ya mwisho ambayo mama alisema ni ya kufagilia. Uingereza wana utaratibu wa kumchukua mtu mwenye shahada nyingine, wakamfundisha miaka miwili ya uzamili, akatoka mtaalamu, kisha akaomba kusajiliwa. Kule jina la kazi hii linalindwa na sheria, hujiiti hivyo mpaka baraza lao likuandikishe.

Basi nikaomba. Nikaandika insha ya maombi kuhusu baba na bao. Niliiandika kwa machozi, na nadhani aliyeisoma naye alidondosha mawili matatu, kwa sababu walinikubalia na punguzo la ada juu.

Halafu ndiyo yakaanza yale ya droo.

La kwanza ni mshiko. Tukijumlisha punguzo, akiba yangu, kiwanja chetu cha Kigamboni, gari la mume wangu na mkopo wa mama mdogo aliyeko huko, tunafika. Lakini tunafika tukiwa hatuna hata kijiko.

La pili ni ndoa. Tangu tarehe 1 Januari 2024, mwanafunzi wa kigeni anayekwenda Uingereza kusoma uzamili wa kufundishwa darasani, kama huo wangu, hawezi kumbebea mwenzi wake viza ya kumfuata. Wanaoruhusiwa ni wale wa utafiti na wenye ufadhili wa serikali. Mimi siko kwenye fungu lolote kati ya hayo. Kwa hiyo ni miaka miwili, mimi kule, yeye hapa, mapenzi kwa simu. Tuna miaka mitatu ya ndoa, na hatujapata mtoto. Hesabu hizo mawifi wameshanifanyia.

Lakini jamani, pesa na viza ni mambo ya kusema mbele za watu. Lililokuwa linaninyima usingizi lilikuwa la tatu, na sikulisema kwa yeyote.

Nilipopata barua, niliomba kwenye kituo kimoja hapa Dar nikashinde Jumamosi kutazama kazi. Wakanikubalia. Nilikwenda nimevaa raba mpya, moyo juu.

Jumamosi ya kwanza aliletwa mtoto wa miaka minne mwenye mtindio wa ubongo. Mama yake alitoka Mbagala, daladala mbili, mtoto mgongoni, na mtoto wa miaka minne si mwepesi. Kazi ya siku hiyo ilikuwa mtoto ashike kikombe kwa mikono miwili akipeleke mdomoni. Mtaalamu akamkalisha kwenye kiti cha pembe, akamweka kiuno sawa, miguu sawa, kichwa sawa. Kikombe kikaanguka. Wakaanza tena. Kikaanguka. Tena. Nikamuuliza mama wamekuwa kwenye kikombe muda gani. Akasema, "Mwezi wa nane huu."

Mimi nilitazama saa yangu. Si mara moja. Nilitazama saa mara sita.

Jumamosi ya pili mtoto mwingine alinitapikia raba. Ya tatu alikuja baba wa makamo aliyekatika vidole kiwandani, akatutukana wote kwamba tunamchezesha michezo ya chekechea badala ya kumpa dawa. Ya nne sikwenda. Nilituma ujumbe kwamba naumwa. Nilikuwa nasuka.

Na ndiyo hapo, msomaji wangu, nilipogundua kwamba inawezekana kazi hii siipendi. Nimepitisha usaili, nimekubaliwa, nataka kuuza kiwanja na kuiacha ndoa changa, kwa ajili ya kazi ambayo ikifika saa nne asubuhi natazama saa.

Nilisoma zaidi nikitafuta faraja, nikapata hofu mpya. Huko Uingereza sehemu kubwa ya mafunzo ni hospitalini na majumbani mwa wazee. Unamtazama bibi akichemsha chai kwenye birika la umeme, unapima kama ataweza kuishi peke yake. Unapendekeza vyuma vya kujishikia kwenye bafu la kulala. Nikajiuliza, nikishajua bafu la kulala, nitarudi nimsaidie nani Buguruni? Baba yangu aliokolewa na mtu aliyelijua bao na choo cha shimo.

Hapo angalau nilikuta wenyewe wana mjadala. Yuko mtaalamu mwenye asili ya Japani, Michael Iwama, ambaye kitabu chake cha mwaka 2006 kinapinga wazo kwamba kila binadamu anataka kujitegemea kama Mzungu. Yeye na wenzake walifananisha maisha na mto. Mawe ni matatizo, magogo yanayoelea ni tabia na mali za mtu, kingo na sakafu ya mto ni watu na mazingira yake. Kazi ya mtaalamu ni kutafuta upenyo ambamo maji bado yanapita, na kuupanua. Mto kwa Kijapani ni kawa. Nilicheka, kwa sababu kwetu Tanga kawa ni kile cha kufunikia chakula. Lakini nilimwelewa. Baba hakutaka kuishi peke yake wala kujipikia. Alitaka barazani.

Sasa turudi nyumbani. Ijumaa moja umeme umekatika, tumekaa kibarazani, mume wangu akasema, "Tarehe ya kulipa ni wiki ijayo, si ndiyo?" Nikashangaa anajua. Kumbe barua ameshaiona, alikuwa anatafuta soksi.

Nikampandishia. Nikamwambia hajawahi kuniunga mkono, tangu nianze hili jambo yuko kimya. Akasema, "Mimi sijakataa." Nikasema, "Lakini hujakubali." Akakaa kidogo. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo yananikaa hapa kooni: "Mke wangu, wewe hujawahi kuniambia kwamba unataka kwenda. Umekuwa ukiniuliza kama tunaweza kulipa. Ningekataa, ungepumua."

Jamani! Nilinyanyuka nikaingia ndani nikabamiza mlango. Mtu akikupiga kwenye ukweli ndivyo inavyokuwa. Maana ni kweli, kwa miezi mitatu nilikuwa nasubiri yeye aseme hapana, ili nibaki benki na lawama nimtupie yeye, na kila tukigombana miaka ishirini ijayo nimkumbushe kwamba alinizibia. Nilitaka kumgeuza mume wangu kuwa kisingizio.

Jumatatu nilimpigia yule dada wa Tanga, yule wa bao. Nikamwaga yote: kikombe, matapishi, saa, saluni. Nilitegemea atanibembeleza. Alicheka, akasema, "Mdogo wangu, hata mimi natazama saa. Mgongo unauma, ripoti za kuandika haziishi, na mshahara wangu ukiusikia utafikiri nimekosea kutaja. Hilo lisikutishe. Mimi nina swali jingine. Yale niliyomfanyia baba yako, wewe ungemfanyia mzee usiyempenda?"

Nikakosa jibu.

Akaendelea taratibu, "Unashukuru, na shukrani ni kitu kizuri. Lakini kushukuru si sawa na kuitwa. Ukitaka kushukuru, niletee kuku nikija likizo Dar. Kazi hii utawafanyia watu mia ambao hakuna hata mmoja ni baba yako."

Nilikata simu nikakaa kwenye gari, maegesho ya benki, mpaka mlinzi akaja kugonga kioo.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimejichanganya. Nilikiona kilele cha kazi yake, siku ya kanzu na kifungo, nikakipenda. Miezi minne ya katikati sikuiona kwa sababu nilikuwa Dar, natuma pesa ya nauli na kuuliza hali. Ni kama wale tunaowaandikia humu kila mwezi, anayependa harusi na hajui kama anampenda bwana.

Nikafanya nini? Sikulipa, na wala sikukataa. Niliwaandikia chuo nikaomba kuahirisha hadi muhula wa Septemba mwaka unaofuata. Wakakubali. Kisha mimi na mume wangu tukakaa mezani, safari hii na umeme upo, tukawekeana masharti.

Sharti la kwanza, nitakwenda kituoni Jumamosi ishirini, saa nne kila mara. Hizo ni saa 80. Shirikisho la dunia la fani hii, lililoundwa mwaka 1952, linataka mwanafunzi afanye angalau saa 1,000 za mafunzo kazini kabla ya kufuzu. Kwa Jumamosi zangu ingenichukua wiki 250, karibu miaka mitano. Kwa hiyo saa 80 ni kuonja chumvi tu. Lakini kama siwezi kuonja, kwa nini niuze kiwanja ninunue sufuria zima?

Sharti la pili, sichagui mgonjwa. Sharti la tatu ni la mume wangu: nikitoka huko nisimsimulie hadithi nzuri. Nimweleze sehemu iliyonichosha, na kama nataka kurudi.

Sharti la nne nililiweka mimi, kwamba jibu litakuwa langu. Nikisema nakwenda, tutatafuta pesa na tutapanga namna ya kuishi mbali. Nikisema sibadilishi kazi, hakuna atakayeambiwa alinizuia.

Mpaka naandika nimefika Jumamosi ya kumi na tatu. Nikiri, tatu kati ya hizo nilikwenda kwa kujiburuza. Yule baba wa vidole bado anatutukana. Wiki iliyopita nilipewa nikae naye. Alikuwa fundi cherehani, kumbe, na hakuna aliyekuwa ametuambia mpaka nilipomuuliza siku yake ilikuwa inakwendaje. Tukatafuta mkasi mkubwa na kitambaa cha bure, na mtaalamu akaanza kumwonyesha namna ya kushika kwa vidole vilivyobaki. Kitambaa kilikatwa vibaya mno. Akanitukana tena. Nilipokuja kutazama saa, ilikuwa imepita dakika ishirini muda wangu wa kuondoka.

Sisemi kwamba nimeitwa. Dakika ishirini hazitoshi kuuzia kiwanja. Nasema tu kwamba nilimweleza mume wangu usiku ule, sehemu iliyonichosha kwanza, kama tulivyokubaliana. Akauliza, "Utarudi?" Nikasema, "Narudi, nataka nimwone na ule mkasi." Hakusema kitu. Alivuta shuka akalala, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi na mimi nikalala.

Kwa wewe unayesoma hii na una barua yako kwenye droo, iwe ya sheria, unesi, uhasibu au ualimu, nikuachie maswali yangu matatu. Je, unaipenda kazi, au unampenda mtu mmoja aliyekufanyia kazi hiyo vizuri? Umeshaiona Jumanne yake ya kawaida, au umeona siku ya sherehe tu? Na je, kuna mtu nyumbani unayesubiri akukatalie ili usikatae mwenyewe? Hilo la mwisho mjibu kabla hujalala, tena umwangalie machoni.

Bado nina Jumamosi saba. Barua imetoka kwenye droo, sasa iko juu ya friji, chini ya sumaku, kila mtu anaiona. Baba ameiona pia alipokuja kutembea. Akaisoma yote, polepole, akaigusa kwa ule mkono wa kulia. Halafu akaniuliza kama katika nyumba hii kuna mtu anayejua kucheza bao.

Tuonane mwezi ujao, panapo majaaliwa.